Mahari ya Bwana Liu

Jumatatu, 7 Mei 1990
Neema imeingia dukani kwangu Biryogo, imevaa kofia! Mchina, Bwana Liu, kaja kushonewa suruali. Anafungua kiwanda cha mabeseni, anatafuta Mnyarwanda wa kushirikiana naye. Kiswahili kajifunza Tanzania. Tunaelewana kabisa. Silvère, fundi wa ng'ambo ya barabara, kachungulia mpaka kajichoma sindano. Safi.

Jumanne, 8 Mei
Bwana Liu karudi. Kasema anatafuta mahari. Nikauliza kama nimesikia sawa. Mahari, karudia, kubwa, karibu na barabara. Lo! Anamtaka dada yangu Kayitesi, aliyemletea chai jana! Barabara ni ya kupitishia ng'ombe, bila shaka. Nikamtajia wanane. Akacheka, akaandika.

Jumatano, 9 Mei
Kayitesi hataki. Anampenda Muhire, seremala asiye na hata beseni. Kalia, kanirushia pasi (nashukuru haikuwa na makaa). Nikamsihi afikirie kiwanda. Kasema nikaolewe mimi. Silvère kasikia yote, anacheka. Nikimlazimisha nampoteza dada, nikikataa nampoteza Mchina.

Alhamisi, 10 Mei
Aibu! Kayitesi kamfuata Bwana Liu mwenyewe, kamwambia haolewi. Maskini, kashtuka, katoa picha ya mkewe na mtoto. Kisha akapiga chini kwa kiatu. Mahali! Mahali pa kujenga! Wale ng'ombe wanane alidhani ni bei ya kiwanja. Kwetu r na l ni mapacha, kumbe na kwao pia! Kayitesi kampeleka Masaka, nje kidogo ya mji, kwenye shamba letu la mihogo. Kalipenda. Nimepumua mpaka kifungo cha shati kimeruka. Dada ninaye, kiwanda ninacho, Muhire nimemwambia alete wazee wake. Alhamdulillahi!

Ijumaa, 11 Mei
Kesho tunatia sahihi mkataba. Bwana Liu kaniagiza nije na karamu. Nyeusi, kasisitiza, maana ya rangi nyingine ofisini hawaikubali. Watu hawa wana mila zao. Kayitesi kaniomba nimuulize kwanza ana maana gani. Niulize nini? Kiswahili nakijua mimi! Nimeshapata mbuzi wawili weusi tii. Wa tatu ana doa jeupe mguuni. Nimelipaka wino.