Mabuyu Kwenye Keki ya Mama Mkwe

Wasee, leo nimejiaibisha, na mpaka saa hii sielewi nilikosea wapi.

Mamake Mutua alikuwa anakuja kuniona mara ya kwanza. (Mutua ndiye anayetaka kunioa. Au alitaka. Sijui tena.) Mutua alikuwa amemwambia mamake mimi ni fundi wa keki. Mimi! Nikafungua video ya upishi. Mpishi akasema tia zabibu kavu, na kama huna, tia tunda lolote lililokaushwa.

Nikakimbia dukani kwa Mama Swaleh, hapa hapa Shauri Moyo. Zabibu zimeisha. Tende zimeisha. Nikaona mabuyu, yale mekundu ya sukari tuliyokuwa tukimumunya shuleni.

Sasa niambieni. Buyu si tunda? Si limekauka? Nikamwaga pakiti nzima kwenye unga. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Keki ikaumuka, nyekundu, inanukia mpaka kwa jirani. Nikajisifu peke yangu.

Mutua akafika na mamake na shangazi yake. Wakala.

"Mama, keki iko aje?"

"Mmm."

"Na nyumba mliipata bila shida?"

"Mmm."

Nikamgeukia shangazi. "Machakos mvua imenyesha?"

"Mmm."

Mashavu yamewavimba, macho yako dirishani. Jamani, ni nini? Nimevaa vibaya? Nikamvuta Mutua kando. "Wamenikataa?"

"Mmm," akasema. (Na yeye alikuwa amekula!)

Machozi yakaanza kunilenga. Nikaona heri tuagane kwa amani. "Mama, tuombee basi."

Akasimama, akafumba macho. "Baba wa mbi—"

Ta! Ta! Ta! Mbegu zikamchomoka mdomoni, zikatawanyika mezani. Ulimi mwekundu, meno mekundu.

"Mwanangu," akasema akijifuta, "tangu saa ile natafuta pa kutema. Nyumba ya watu, mgeni hatemi!"

Shangazi naye akazitema zake kwenye leso, akashukuru Mungu.

"Lakini mama, si ni tunda kavu?"

"Ni tunda, ndiyo. Na ndani ni kokoto." Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Harusi tutafanya. Ila keki nitapika mimi."

Tafadhali msinicheke, nisaidieni tu. Hapo nimeumbuka, ama nimeposwa?