Mke Wangu Ameugua Moyo Kinyume cha Utaratibu

Kwa Daktari Mkuu,
Wodi ya Moyo.

Mheshimiwa,

Pole na kazi. Mimi ni kinyozi, mgonjwa wako wa mwaka juzi, na ni mume wa yule fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha dirishani. Kwa heshima zote nalalamika kwamba mke wangu ameuchukua ugonjwa wangu, akauugua anavyotaka yeye, na wodi yako ikamuunga mkono.

1. Mshtuko wangu wa moyo ulikuwa wa wazi. Nilikuwa namnyoa mteja, nikashika kifua, nikaanguka na mashine mkononi. Mteja alinisindikiza hospitali akiwa na nusu ya ndevu. Mlinipokea mbio, mkazibua mshipa, na baada ya siku chache nikawa nyumbani nanyweshwa uji. Tangu hapo kwetu mwenye moyo ni mimi. Mke wangu hubeba ndoo, mimi hubeba moyo.

2. Yeye hakushika kifua hata mara moja. Alisema taya linamuuma, mgongo unamchoma katikati ya mabega, anasikia kichefuchefu, na amechoka kama aliyefua mapazia ya hoteli. Muuza dawa akampa dawa ya gesi. Zahanati wakamwambia, "Mama, hayo ni mawazo tu, punguza kazi." Mimi nami, kama mtaalamu wa moyo wa pale nyumbani, nilimuuliza iwapo kifua kinabana. Akasema hapana, nikamruhusu aendelee. Akaketi kwenye cherehani akamalizia sare za shule. Naomba kuelimishwa: mtu mwenye mshtuko wa moyo anapindaje sketi?

3. Pamoja na kukosa dalili za maana, amepata makubwa kuliko yangu. Alizimia mlangoni akitafuta ufunguo. Mlipompima mkaniambia moyo umeshindwa kusukuma damu, presha imeanguka, na ukuta wa ndani ya moyo umetoboka. Mimi sikutoboka popote. Nilimuuliza muuguzi wa zamu, kwa upole, kwa nini mwanamume mzima nilipewa kidogo. Akanijibu, "Baba, wanawake wengi dalili zao hazishtui watu. Wanaambiwa wamechoka, wanachelewa kuletwa, wakifika moyo umeshaumia sana. Na hata wakiwahi, wengine madhara huwaelemea kuliko nyinyi." Naomba muuguzi huyo aonywe kwa kusema kweli mbele ya mtu ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi.

4. Mmemshona moyo bila kumshirikisha, naye ndiye fundi. Akiamka atauliza mmetumia uzi gani na nani kapiga pindo. Mimi sitaki kuwapo.

5. Shemeji yangu, dada yake mkubwa, amehamia kwangu kunipikia. Anapika vizuri, ila kila akiweka sahani mezani ananitazama na kuuliza, "Shemeji, kweli hukuona?" Daktari, chakula hakipiti.

Kwa hayo naomba mambo matatu. Kwanza, nipewe cheti kwamba mshtuko halali wa nyumba yetu ni wangu. Pili, wanawake wote wafundishwe kushika kifua, ili sisi waume tusisumbuke kufikiri. Tatu, mke wangu aruhusiwe kabla ya Ijumaa, kwa kuwa ugonjwa usiofuata utaratibu hauwezi kudai kitanda.

Wasalimie wauguzi wote, mfagiaji wa korido, na mlinzi wa getini ambaye haniruhusu kuingia kabla ya saa ya kuona wagonjwa, hata nikimwonyesha kovu.

Nakusubiri bila subira,
Kinyozi, mume wa kitanda cha dirishani.

Tanbihi: Nimetoka wodini sasa hivi. Mmemtoa ule mpira wa kupumulia kooni. Amenitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeninyoa kisogo vibaya hivi. Nikajifanya natafuta leso. Tafadhali ichane barua hii, usome tanbihi peke yake. Kaa naye hata mwezi, mradi arudi mzima.

Tena, yule shemeji yuko mapokezi, nimemleta mwenyewe kwa teksi. Amekasirika sana. Anasema kifua hakimuumi kabisa, amechoka tu, na jasho ni la jikoni. Usimsikilize. Mpimeni haraka.