Zege, Keki na Shemeji

Jumapili, tarehe 8

Mke wangu amekufa. Leo siku ya kumi na tisa. Homa siku nne, ya tano akaondoka. Hakuna zaidi ya hapo.

Msimamizi wa jengo amenipa ruhusa mpaka Jumapili ijayo. Wanamwaga zege la ghorofa ya tatu bila mimi. Sijui watachanganyaje.

Alikuja shemeji, dada mkubwa wa marehemu. Kakagua nyumba chumba kwa chumba. Kafunua masufuria. Kisha akasema mtoto atakwenda kukaa kwake. Eti mimi natoka alfajiri, narudi na saruji masikioni, nani atamsuka, nani atampikia. Binti Jumamosi anatimiza miaka kumi. Shemeji kapanga kabisa: siku hiyo atakuja na keki, tutakula, halafu ataondoka naye. Hata begi la nguo kashanunua.

Nikasema keki usilete. Naoka mwenyewe.

Neno hilo sijui lilitoka wapi. Sijawahi kuoka hata mkate. Shemeji alicheka akashika mbavu. Akasema, "Haya, shemeji. Kila mwaka mama yake alikuwa anamwokea. Ukiweza hilo moja tu, mimi nitakaa kimya."

Nimekubali. Binti alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kaenda kufua soksi zake.

Nimesaidia kujenga ghorofa nane. Keki ni kitu gani.

Jumatatu, tarehe 9

Mpango wa kwanza: kununua.

Nimeamka mapema, nikaenda duka la mikate la pale kona. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Jumamosi asubuhi nainunua, navua karatasi, naikwaruza kidogo juu ionekane ya nyumbani. Nani atajua?

Mama mwenye duka akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. Akauliza kama mimi ndiye yule mwenye shemeji. Kumbe wanaimba kwaya moja! Habari imefika dukani kabla yangu. Akasema Jumamosi hauzi keki kwa mtu yeyote mwenye saruji kwenye viatu.

Nikageuza maneno haraka. Nikasema siulizi kwa ajili yangu, kuna rafiki yangu anataka kuoka, hajawahi, anaogopa. Akasema pole yake huyo rafiki. Mwambie keki ya kwanza haitaki ufundi, inataka mtu aliyetulia. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha sukari, mayai matatu, nusu kikombe cha mafuta, kikombe cha maziwa, vijiko viwili vidogo vya ule unga wa kuumulia. Sukari na mayai kwanza, unga mwisho. Unga ukishaingia koroga kidogo tu, uache. Hilo kalirudia mara tatu. Kasema waoga ndio wanaokoroga sana.

Sikuandika. Mambo ya vipimo mimi siandikiwi. Miaka kumi na saba nachanganya zege.

Jumanne, tarehe 10

Binti kaenda shule, nikaanza.

Vipimo sawa. Sufuria nimeipaka mafuta kila kona, kama tunavyopaka mbao kabla ya kumwaga. Nimeigonga ubavuni hewa itoke. Yote hayo nimepatia. Ila habari ya kukoroga kidogo nimeiacha. Yule ni mtu wa mikate. Zege lisilokorogwa lina mifuko ya mchanga ndani, mwakani nguzo inapasuka. Nimekoroga dakika arobaini.

Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Nimefunua mara kumi na moja kuangalia.

Imetoka bapa. Rangi nzuri, lakini bapa. Nimemwita jirani, fundi cherehani, aonje. Ni mzee, ana meno manne ya kweli. Kaigonga kwa kidole, kategea sikio. Akasema, "Mdogo wangu, hii ikate vipande vidogo, toboa mashimo mawili mawili. Nina makoti hayana vifungo."

Hakuonja. Kasema meno yake bado anayahitaji.

Nimeifukia nyuma ya nyumba. Binti karudi, kauliza kuna harufu gani. Nikasema jirani anapiga pasi. Kaniangalia kwa muda. Ana macho ya mama yake, hayadanganyiki upesi.

Jumatano, tarehe 11

Shemeji kapita. Eti napita tu. Anakaa mwisho wa mji, hapa hapapitiwi kwenda popote.

Kaona maganda ya mayai. Nikasema jana nilikuwa najaribu, keki ikawa tamu mpaka majirani wakaimaliza. Akasema ah, kumbe. Nikamwita fundi cherehani dirishani anishuhudie. Mzee akavua miwani, akasema ukweli wa Mungu, katika maisha yake hajawahi kuona keki kama ile.

Nitampelekea sukari.

Halafu shemeji akatoa lile begi. Jipya, lina zipu tatu. Akamwambia binti ajaribu kupanga vitu. Binti akalifungua, akapanga madaftari yake ndani, moja moja, kuona kama yanaenea. Yanaenea.

Nikatoka nje kupasua kuni. Zilikuwa zimeshapasuliwa. Nikazipasua tena.

Alhamisi, tarehe 12

Keki ya pili. Nimefikiri vizuri. Ile ya kwanza ilikosa nguvu. Na kwenye keki nguvu ni mayai, kama saruji kwenye zege. Badala ya matatu nimeweka saba. Kukoroga nimepunguza, dakika ishirini na tano, maana mkono bado unauma.

Imepanda! Imepanda mpaka imeusukuma mfuniko. Nikacheka peke yangu jikoni.

Halafu ikapasuka. Ufa kutoka huku mpaka huku, kidole kinaingia.

Basi hapo nikatulia, kwa sababu ufa naujua. Ufa ni ukavu. Zege likikauka haraka linapasuka. Dawa yake ni gunia la maji juu, unamwagilia asubuhi na jioni, siku saba. Hata kibarua wa wiki ya kwanza anajua. Na waokaji wote wa mji huu wanaziacha keki zao kavu, zinapasuka, halafu wanazificha kwa sukari nyeupe juu! Nimeshangaa hakuna aliyefikiria.

Fundi cherehani kala kipande kwa chai. Kasema kinamezeka, ila mtu asikiwazie. Tunaendelea mbele.

Ijumaa, tarehe 13

Nimekamatwa.

Nilikuwa napiga mayai kwa kipigio nilichokisuka mwenyewe, waya wa kufungia nondo. Sikusikia mlango. Binti kasimama na mkoba mgongoni. Akauliza, "Baba, hayo mayai yamekukosea nini?"

Nikasema najaribu kitu kidogo. Akasema anajua tangu Jumanne. Mbwa wa pale ng'ambo aliifukua ile keki, akaibeba mpaka nyumbani kwao, baadaye akairudisha.

Kumbe anajua kuoka. Mama yake alikuwa anamsimamisha pale pale kwenye kigoda, anamshikia kikombe, tangu ana miaka minne. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akasema hukuniuliza. Na kweli sikumuuliza. Nilimtoa jikoni wiki nzima.

Akafunga kitambaa kichwani, akawa yeye ndiye msimamizi na mimi kibarua. Mayai matatu, baba, hatujengi daraja. Chekecha unga. Mimina polepole. Akasema koroga nikihesabu. Akahesabu mpaka ishirini, akasema basi. Mkono wangu ukataka kuendelea. Akaushika.

Tumefunika, tumekaa kizingitini. Kanikataza kufunua. Huo ndio ulikuwa mzigo mzito kuliko mifuko yote niliyowahi kubeba. Ili nisiinuke akanisimulia. Mama yake alipoanza aliunguza mbili. Alizitupa kabla sijarudi kazini, akafungua madirisha, akapika maharage ili harufu ipotee. Alikuwa anaogopa nitamcheka.

Miaka kumi na moja nimekaa naye. Sikujua.

Tumefunua. Imepanda, laini, ya kahawia. Nimechoma msumari katikati, umetoka safi. Juu pana ufa mdogo. Binti kasema ndivyo zinavyokuwa, hata za mama. Kaifunika kitambaa, kaiweka mezani. Kasema isiguswe mpaka kesho.

Jumamosi, tarehe 14

Asubuhi binti kaenda kwa fundi cherehani kupunguziwa gauni. Mimi na keki tukabaki wawili.

Nikaifunua niangalie tu. Ule ufa naona umeongezeka. Nikapima kwa njiti ya kiberiti. Jana sikupima, lakini umeongezeka. Shemeji anakuja saa kumi. Huyo akiona ufa atapitisha humo mtoto, begi na kila kitu.

Nimefanya kazi safi. Kitambaa kipya nimekilowesha, nimekitandaza. Maji kikombe kimoja, nimemwagilia polepole kuanzia pembeni kwenda katikati, pasituame. Imekunywa vizuri. Nikaongeza cha pili.

Binti karudi. Kafunua kitambaa. Kakaa chini, sakafuni, na gauni lake jipya.

Hakulia. Kaniuliza vikombe vingapi. Nikasema viwili. Akasema, "Baba."

Basi. Neno hilo tu. Nimewahi kuangukiwa na tofali, lilikuwa jepesi.

Baadaye akainuka, akatafuta mabakuli na vijiko. Visu havikuwa na kazi tena. Saa kumi shemeji kaingia, na begi lake, na viatu vya kutokea. Fundi cherehani naye kaja, kajikaribisha. Tukagawa. Pembeni ilikuwa keki, katikati uji.

Shemeji kaonja. Kaonja tena. Akasema ladha ni ya mdogo wake kabisa, ile ile. Sauti yake haikuwa sawa. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini imelowa.

Fundi cherehani kaangalia dari.

Nikamweleza. Nimemweleza vizuri, habari ya ukavu, ya ufa, ya gunia, ya siku saba. Nikamwambia hata nyumba anayolala ilimwagiliwa. Alianza kucheka katikati ya maelezo, mwisho akawa analia, halafu akala bakuli lote. Akasema mbele ya watu wote kwamba ile siyo keki, ni msiba wa pili.

Nikajua imekwisha. Nikaangalia begi.

Shemeji akamgeukia mtoto. Akasema, "Niambie wewe mwenyewe, mwanangu. Twende kwangu?"

Binti alikuwa anakwangua bakuli. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nikienda, mama mkubwa, huyu atabaki na nani? Si umemsikia?"

Shemeji akaniangalia. Akamwangalia yeye. Akafunga zipu za begi lake, zote tatu. Akasema yeye aliahidi kukaa kimya, basi atakaa, ingawa keki yenyewe hakuiona. Atakuwa anakuja Jumatano kumsuka. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu atanilea vizuri.

Nikarudi ndani kuosha mabakuli.

Jumapili, tarehe 15

Leo kumetulia. Tumefagia, tumefua. Tumekubaliana na fundi cherehani: alfajiri nikitoka, binti atakaa kwake mpaka muda wa shule. Mzee kafurahi, kasema atapata wa kumtungia uzi kwenye sindano.

Nimeifikiria ile keki. Naona kosa lilipo. Siku haikutosha. Kitu cha siku saba huwezi kukifanya kwa asubuhi moja, na vikombe viwili ni vichache, maji yamefika katikati tu, hayakuenea. Mwakani tunaoka wiki moja kabla. Gunia, maji asubuhi, maji jioni. Haitapasuka.

Nimepita duka la mikate nikamweleza yule mama, asiendelee kuhangaika na sukari ya kufichia nyufa. Kaniuliza rafiki yangu yule mwoga anaendeleaje. Nikasema haogopi tena. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Shemeji siku yake ya kuzaliwa ni mwezi ujao. Nimemtumia salamu keki naoka mimi. Kajibu kwamba mwaka huu hazaliwi.

Binti kalala. Viatu vyangu vya kazi kaviweka mlangoni, kavipangusa. Kesho narudi kazini.