Glavu Zangu na Basi Lisilotaka Waya

Jumatatu, 3 Machi
Mabasi mapya yamefika. Mekundu, yananukia plastiki. Miaka kumi na tisa kazi yangu ni moja: mikono ya paani inayolipa basi umeme ikichomoka kwenye nyaya za juu ya barabara, basi linazimika, nashuka na glavu, navuta kamba, nairudisha. Abiria wote wananingoja mimi. Sasa mkuu wa kituo anasema haya, juu ya mikono, yana na betri, yanatembea hata pasipo na nyaya. Mimi nitatafutiwa kazi nyingine. Kutafutiwa! Nimemwambia betri ile haiuwezi mlima wa hospitali. Kakubali nipande wiki hii, nijionee.

Jumanne, 4 Machi
Mti umeangukia nyaya za barabara ya soko. Bahati iliyoje! Nimevaa glavu, nimesimama. Dereva, binti wa juzi tu, kabonyeza kitufe. Mikono ikalala, basi likapita vichochoroni kimya, likapanda mlima bila kukohoa. Abiria wakampigia makofi. Mama mmoja kaniuliza glavu nauza bei gani.
Nimemwambia mke wangu kwamba bila mimi wangelala njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechukua hatua. Kwenye mataa nimeshuka kinyemela, nimevuta kamba, mikono ikachomoka. Nikasubiri basi lizimike, waniite. Taa ikawa kijani. Mikono ikajilaza, basi likaondoka zake! Nimelikimbiza hadi kituo cha pili. Dereva akasema taratibu, "Mzee wangu, ungeniambia unashuka, ningekungoja." Kanipa maji. Sikuyataka. Nimeyamaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kaniita. Kumbe basi lenyewe limeandika kila kitu, mpaka dakika. Niliona kibarua kimeota nyasi, nikawaza mke wangu nitamweleza nini. Dereva akanitetea, kasema nilikuwa nalijaribu basi kwa usalama wa abiria. Kiherehere. Nimemshukuru, lakini kwa ufupi.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi mpya: karakana, kila alfajiri kukagua chaji na kuchomeka mabasi yaliyopungukiwa. Plagi nzito, glavu ruksa. Hatimaye wamenitambua! Nisipochomeka, mji mzima unatembea kwa miguu. Dereva anadai hata nisipotokea hakuna neno, yakifika chini ya nyaya yanajichaji yenyewe njiani. Wivu huo. Kesho nachelewa saa nzima, makusudi. Tuone kama kuna basi litakalotoka.