Kinyonga wa Mteremko wa Kaskazini

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu Miwani kanisalimia leo akitabasamu. Miaka miwili tumepakana meza katika ofisi hii ya utafiti wa wanyamapori, hajawahi. Kuna jambo.

Saa nne nikaligundua. Sote wawili tunachora ramani ya kinyonga wa milimani: joto likizidi kupanda, miaka arobaini ijayo ataishi wapi? Ijumaa mkuu wa idara atachagua ramani moja aipeleke halmashauri, na mteremko utakaoonyeshwa hautakatwa miti. Kinyonga huyu hastahimili joto. Tukikosea, kwisha habari yake. Ramani yangu inasema mteremko wa kaskazini. Ya Miwani wiki iliyopita ilisema mashariki. Leo nayo inasema kaskazini! Kaniibia.

Nimemweleza mke wangu. Akasema huenda kinyonga kweli ataelekea kaskazini. Mke wangu ni mtu mzuri, ila hawajui walimwengu.

Jumanne, 4 Machi

Mtego tayari. Tuna faili la pamoja lenye nukta za kila mahali kinyonga alipoonekana. Nimeongeza sita za uongo, zote bondeni kwenye matete, ambako hata mbu hutokwa jasho. Miwani akiiba, kinyonga wake atateremka mpaka kinamasini, naye ataumbuka mbele ya watu. Mimi ninayo nakala safi. Nimeificha kwa jina lisiloweza kushukiwa.

Jumatano, 5 Machi

Miwani kauliza kama nimeziona nukta mpya za bondeni, maana yeye zinamtia shaka. Ananichimba huyu. Nikamwambia ni safi kama maji ya mvua. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kiko meza ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nakala safi nimeificha vizuri mno. Nina mafaili tisa yanayoitwa "Mengineyo". Nikachukua la tatu; lilifanana nayo. Kompyuta imechora mchana kutwa. Nimekifunika kioo chake kwa koti ili Miwani asichungulie. Mimi pia sikuona kitu, lakini tahadhari kabla ya hatari.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Nilisimama mbele ya idara nzima, nikaionyesha ramani yangu ukutani. Mteremko wa kaskazini mweupe, mtupu. Bondeni pamewiva wekundu. Vinyonga wote kinamasini.

Mkuu akavua kofia. "Huyu anayekimbia joto," akauliza, "huku bondeni anafuata nini?"

Nikasema labda amezoea. Jasho likanitoka hadi soksi zikalowa.

Ndipo Miwani akasimama. "Kuna nukta sita zilizoingia kimakosa," akasema. "Tukizitoa, ramani yake na yangu ni moja."

Akazitoa pale pale. Wekundu ukapanda mlima, ukatulia kaskazini. Kumbe mwisho wa wiki iliyopita alipanda mteremko ule kwa miguu siku tatu, akawakuta vinyonga juu kabisa, wengine na watoto. Ndiyo maana alibadilisha ramani yake. Hakuniibia chochote. Hakusema nani aliziweka zile nukta, ingawa faili huandika jina la kila aliyeligusa.

Mkuu amezipitisha ramani zote mbili kama kazi moja. Mchana halmashauri imekubali: mteremko hautaguswa. Nilifurahi kweli. Kwa dakika kumi hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Ripoti imetoka. Miwani kaweka majina yetu mawili. Langu la kwanza.

Kwa nini la kwanza? Anayetangulia njiani ndiye anayekanyaga nyoka. Mke wangu kasema hiyo ni heshima, nikamshukuru. Nikamkumbusha pia kwamba chambo hakikosi utamu.

Sikunyamaza. Nimemwandikia mkuu barua kuomba jina langu lifutwe kwenye ripoti yote. Kaisoma amesimama, kakubali papo hapo.

Upesi mno. Hawa wawili wana lao.