Mwenyeji wa Mji wa Kale

Alhamisi, 7 Agosti

Mombasa! Tumefika salama kutoka Njiru, tumepanga nyumba ya wageni Mji wa Kale. Jumamosi Jacklyne, binamu yake Nthoki, anaolewa. Nthoki ni mchumba wangu, ila mama yake hajakubali nipeleke mbuzi wa mahari kwao. Hilo ndilo lililonileta pwani. Nimemwambia Mama Nthoki kwamba niliwahi kuishi hapa. Kweli, kiasi. Nilipita nikielekea Ukunda. Mji wenyewe mdogo, kila mahali ni kwa miguu. Mtu anayepenya soko la Gikomba siku ya kufungua mabelo ya mitumba atapoteaje hapa?

Luseno, jirani yetu, naye yuko. Anambebea Mama Nthoki mkoba. Nani alimwomba?

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Nthoki ndiye aliyemlea Jacklyne tangu akiwa mchanga, kwa hiyo ndiye atakayewaombea maharusi kanisani. Luseno akashauri tuktuk. Nikacheka kwa sauti. Tuktuk ni ya wageni! Mimi nitampitisha Mama vichochoroni, kivulini, afike bila jasho. Mama akakubali. Luseno akanywea.

Jioni nikaenda peke yangu kukariri njia. Mkokoteni wa madafu, kushoto. Leso nyekundu kwenye kamba, kulia. Paka wa manjano mlangoni, nyoosha. Kanisa hilo hapo. Rahisi mno.

Niliporudi, Luseno akanivuta kando. Atatangulia na keki, hataki kupotea, tafadhali nimwelekeze. Nikamtungia njia palepale: atokee mlango wa nyuma, afuate ukuta mweupe mpaka uishe. Akanishukuru sana. Maskini.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkokoteni haupo. Leso imeanuliwa. Paka wako kila mlango, na wote ni wa manjano!

Nikapinda kwa kukisia. Nikamwonyesha Mama milango ya nakshi ili asiangalie saa. Akasema mlango huu tumeshauona. Nikasema milango ya huku inafanana. Muuza kahawa akatuita: "Mwapita tena? Si mukae basi!" Nikamwambia Mama huyo ni rafiki yangu wa zamani. Mama akavua viatu, akavishika mkononi.

Nthoki akapiga simu. Ibada imeanza, tuko wapi? Nikasema tunaingia. Akasema Luseno alifika kitambo. Nikadhani mtandao unasumbua.

Tulipofika, maharusi walikuwa nje wakipigwa picha. Maombi yalikuwa yameshafanywa. Na aliyeombwa kusimama badala ya Mama? Luseno! Jacklyne akamkumbatia Mama, wote wakalia. Mama bado alikuwa pekupeku.

Hapo Luseno akaja mbio, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Munyao, asante ndugu yangu! Ile njia yako ni fupi ajabu. Ukuta unaisha, kanisa hili hapa!"

Mama akanigeukia polepole.

"Kumbe njia ulikuwa unaijua?"

Nikapiga hesabu haraka. Nikikana, mimi ni mwongo. Nikikubali, nimemzungusha makusudi. Nikakubali. Nikasema nilitaka aufurahie mji.

Hajanisemesha tangu hapo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Luseno ndiye anayebadilisha maji. Nthoki ameniambia ningesema tu kwamba nimepotea, mama yake angecheka, wangeuliza njia, wangewahi. Nikamwambia mwenyeji haulizi njia. Akaingia ndani.

Jumatatu, 11 Agosti

Njiru. Mbuzi wangoje, Nthoki amesema, mpaka Mama apoe. Huenda wakangoja sana.

Nimetafakari safari nzima kwa makini. Kosa lilikuwa viatu. Mtu haendi pwani na visigino virefu.

Mchana nikasikia kikundi cha akina mama wa kanisa kinaenda Lamu Desemba, na Mama Nthoki ndiye mwenyekiti. Wanatafuta mtu wa kuwatembeza. Nikampigia mweka hazina papo hapo. Nikamwambia wasihangaike, mtu yuko.

Akauliza kama Lamu naijua. Nikamwambia mimi nilizaliwa huko.