Habari Zangu Zimfikie Mshonaji

Jumatatu, 4 Machi
Tangu Mshonaji ahamishiwe tawi la ng'ambo ya mji, meza yake hapa kwa dobi imejazwa marobota ya mashuka. Kila nikiinua pasi natazama kule. Mashuka! Namkumbuka hadi kifua kinauma. Wiki iliyopita nilimtumia ujumbe: vipi kazi? Akajibu salama. Basi.

Leo akili imenijia. Nikisema mwenyewe nitaonekana nina shida. Wakisema watu, hiyo ni habari! Nitavumisha kwamba nimepata kazi nchi ya mbali, naondoka Jumapili. Akisikia atakuja mbio kunizuia. Kinachotakiwa ni kuchagua midomo tu. Nimeanza na Shemeji, mume wa dada yangu, dereva wetu wa kupeleka nguo kwa wateja. Huyu hutuma ujumbe kwa watu kabla hajamaliza kuusoma. Nimemwambia ni siri. Sijarudi hata kwenye pasi, kundi la familia limewaka moto.

Jumanne, 5 Machi
Habari imefika kwa Shangazi, kama nilivyopanga. Magauni yake yote hushonwa na Mshonaji. Ila Shangazi hawezi kupitisha habari bila kuitia chumvi. Kanipigia kunipongeza, eti naondoka na mke! Nikamuuliza mke yupi. Akasema nisimfiche, yeye ndiye aliyenilea, na mwanamume haendi mbali hivyo peke yake. Ameshamwambia kila mtu. Wa kwanza Mshonaji, wakati anapimwa kiuno.

Nimeunguza shati la mteja. Kola yote.

Jumatano, 6 Machi
Msimamizi wetu haamini neno la mdomo, anaamini kilichoandikwa. Nimemwambia siendi popote. Akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Una picha ya ndege! Akanipa pole kwa woga wa safari, akasema nafasi yangu ameshampa binamu yake. Anaanza Jumatatu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshindwa kuvumilia. Nimemweleza Kimya ukweli wote. Kimya ni mwenzangu wa pasi ya pili, na chumba chake kimepakana na cha Mshonaji. Mwanzoni nilimruka kwa sababu hafungui mdomo. Nimemwambia hakuna safari, hakuna mke, nampenda yule dada Mshonaji, nataka arudi tu akae pale penye mashuka. Kisha nikamwapisha asimwambie mtu. Bila shaka atamwambia! Neno tamu kama lile, Shemeji asingefika nalo hata mlangoni.

Ijumaa, 8 Machi
Kimya kanisalimia, kachukua pasi yake, kapiga kola. Basi.

Wenzangu wameniaga. Wamenichangia begi la safari, kubwa, la magurudumu. Shangazi amekuja kulia na kumtafuta mkwe wake.

Jumamosi, 9 Machi
Simu imeita mfukoni. Ujumbe wa Mshonaji! Ananitakia safari njema, mimi na mke wangu, na Mungu atujalie watoto. Nimeusoma mpaka kioo kikazima.

Nimemkimbilia Kimya. Kasema, taratibu kama kawaida yake, kwamba jana jioni dada yule alibisha hodi kwake. Aliuliza kama ni kweli naondoka na mke. Kimya akajibu hajui lolote. Dada akakaa mlangoni akilia, chai aliyopewa ikapoa, kisha akaenda zake. Nikamfokea kwa nini hakusema. Akanishangaa. Si nilimwapisha?

Amelia. Kwa ajili yangu! Nimefurahi, halafu nimeumia, halafu sijui.

Jumapili, 10 Machi
Kimya kaja kunipa pole. Kasema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima: namba ninayo, nimpigie mwenyewe, nimwambie kwamba nampenda. Nimecheka hadi machozi yakatoka. Yalipotoka yakagoma kukoma. Nimpigie mimi! Watu wengine hawajui kabisa namna habari zinavyokwenda.

Mpango mpya: mke wangu kanikimbia uwanja wa ndege, na rubani. Shangazi atalitengeneza vizuri hilo. Shemeji ameshaondoka nalo, anatuma huku anaendesha. Nami nimekaa juu ya begi, simu mkononi, namba ya Mshonaji mbele ya macho yangu. Nasubiri apige yeye.